Mzizi wa Baridi na Mdomo wa Gati

Nyanungu, mchana, kesho yake ni safari yako

Gati mwanangu,

Barua zote nilizowahi kusoma zinaanza kwa kusema sisi huku ni wazima, hofu ni kwako wewe uliye mbali. Sasa mimi nianzeje, na wewe bado hujawa mbali? Nguo zako ziko kwenye kamba, zimegoma kukauka kwa manyunyu haya. Wewe mwenyewe umepanda kwa shangazi yako kuaga, na nimekupigia hesabu ya mwendo: kufika, kukaa, kushikwa mkono na kila mtu, kunyweshwa uji usioutaka, kurudi. Muda ninao, kama penseli hii haitavunjika. Nimeichonga kwa kisu cha viazi.

Sitakuandikia habari za kufunga sanduku, wala za nani akae karibu yako kwenye lori. Hayo shangazi yako atakuwa ameyasema mara mbili, na ya melini pia, meli ambayo hata yeye hajawahi kuipanda. Kupika unajua. Kufua unajua kuliko mimi. Ninaandika kwa sababu ya neno ulilosema jana tulipokuwa tunachambua mboga. Nilikuuliza kwa utani tu kama huko Mwanza kwenye mafunzo ya uuguzi watakusikia unapoongea, maana wewe ukifukuza kuku hata kuku hasikii. Ukasema, bila kuinua macho, "Mama, nakwenda kujifunza dawa ambayo haiharibiki kwa mdomo wangu."

Mimi nikaendelea kuchambua. Nilichambua mpaka nikawa natupa majani na kubakiza vijiti, ukacheka kidogo, nadhani uliona mama ameanza kuzeeka. Sikuzeeka, Gati. Miaka kumi nilikuwa najidanganya kwamba ulikuwa mdogo, umesahau, watoto husahau. Kumbe ulikuwa unatembea na lile jambo kila siku, na kesho ulitaka kupanda nalo lori.

Kwa hiyo nalisema hapa mwanzoni, nisije nikazunguka zunguka kama nilivyo kawaida yangu. Hukumuua mdogo wako. Mdomo wako haukuharibu dawa yoyote. Aliyekosea ni mimi, na kosa langu nikakutwisha wewe ukiwa na miaka tisa.

Haya. Nimeliandika.

Ninaandika kwa Kiswahili kwa kuwa Kikurya nakiongea tu, kukiandika sijui. Kwenye darasa la ubatizo walitufundisha herufi kwa Kiswahili, na hiki cha kwangu ni cha huku huku bara, utakisamehe. Pengine ni afadhali. Kwa lugha yetu ningelia kabla sijafika katikati.

Nje kuna ule ukungu wa baada ya mvua, umeshuka mpaka kwenye zizi, ng'ombe wanaonekana miguu tu. Siku kama hizi ndizo bibi yako alizozipenda kwa kuchimba. Ninapofumba macho namwona yuko mbele yangu kwenye mteremko, kanga yake imeloa hadi magotini, haongei, hageuki nyuma, anajua tu kwamba ninamfuata. Mimi ni msichana wa Kerende niliyeolewa huku juzi juzi, nina kiburi na viatu sina. Harufu ya udongo uliolowa inapanda. Sijui kwa nini kumbukumbu hii haina sauti yoyote, hata ya ndege. Ninatembea ndani yake, ninatembea, na kilima hakiishi.

Wewe mzizi wa baridi unaujua, lakini hujawahi kuugusa tangu siku ile, kwa hiyo nitakukumbusha. Juu ni kichaka tu cha kutambaa, kina miiba midogo iliyopinda inayong'ang'ania nguo, na majani membamba kama nywele za mtoto. Ukikiona huwezi kukidhania chochote. Chini yake ndiko kuna mambo. Unakuta vifungu vya mizizi minene, myeupe, imejaa maji, imelala pamoja kama vidole. Unamenya, unatwanga, unaloweka kwenye maji ya kisima mpaka maji yawe na utelezi. Mgonjwa anayewaka moto, ulimi umekauka, anakohoa kikohozi kikavu, akinywa yale maji unamwona anavyotulia. Mhindi wa duka kule Tarime aliwahi kuuona kwenye kikapu changu akashangaa sana. Akasema kwao wanachimba ndugu wa mzizi huu, na kwamba hata Wachina wanao wa namna hiyo, wanautumia kupoza mwili. Nilirudi nyumbani nikifikiria wanawake wa nchi hizo wameinama kwenye ukungu wao, nao hawaongei. Mpaka leo nawafikiria.

Maana kutoongea ndiyo ilikuwa sheria ya kwanza ya bibi yako. Anayekwenda kuchimba anatoka na umande, na tangu kizingitini kwake mpaka anaporudi hafungui mdomo kwa mtu. Mdomo una joto, alisema, na joto linaingia kwenye dawa. Sheria ya pili, usichimbe kwa chuma. Mara ya kwanza nilikwenda na jembe, mimi mjuaji, akaninyang'anya akalitupa kwenye majani, akanipa kijiti kilichochongwa, na yote hayo bila kusema neno, kwa sababu ya ile sheria ya kwanza! Aliyaweka maneno yote moyoni mpaka tulipofika nyumbani, na tulipovuka kizingiti, mama wee, nilisemwa mpaka jua likapanda.

Sheria ya tatu hakuifanyia sherehe yoyote. Aliisema huku anapepeta ulezi, mara moja, kama mtu anayesema mlango ufungwe. "Kabla hujagusa paji la uso, gusa miguu. Miguu ikiwa baridi, mzizi huu usiuguse. Unampoza aliyekwisha kupoa." Na tumbo likiwa linaendesha, vile vile, usiuguse. Basi. Akaendelea kupepeta.

Unaona ilivyo? Zile sheria mbili zenye kijiti na umande na kunyamaza nilizishika kama dini. Hii moja, iliyokuwa ndiyo dawa yenyewe, niliisikia kwa sikio moja. Nimelifikiria jambo hili miaka mingi. Nadhani ni kwa sababu zile mbili watu walikuwa wananiona ninapozifanya. Nikipita na kikapu changu kimya, wanawake wananipisha njia, wananong'ona, yule anakwenda kuchimba. Nani atakupisha njia kwa sababu umegusa miguu ya mgonjwa?

Bibi yako alipofariki, watu wakaanza kuja kwangu. Wewe ulikuwa na miaka saba, Mwita mitatu. Walikuja wa hapa Nyanungu, kisha wa Kerende kwetu, na mwisho wakaja hata wa Natta, mwendo wote ule wa kupita porini. Nilipata kichwa, Gati. Sitaki kukuficha. Nilianza kuongea taratibu kama bibi yako, nikawa naacha watu wasubiri nje kidogo kabla sijatoka, hata kama ndani nilikuwa nimekaa tu natazama moto. Baba yako alinitania, akasema siku hizi hata yeye anaomba ruhusa kuingia. Sikucheka.

Siku Mwita alipoanza kuumwa nilikuwa na wageni watatu, wanawake wa kutoka Natta, wamekuja kwa ajili ya mama yao. Mwita alikuja akilia, akaniegemea magoti. Mmoja wa wale wanawake akasema, "Mwanao ana homa." Nami nikanyoosha mkono wangu, polepole, nikauweka kwenye paji lake la uso, nikafumba macho kama nilivyomwona bibi yako akifanya. Lilikuwa linawaka. Nikasema, "Ni joto. Kesho na umande atachimbiwa." Wale wanawake wakainamisha vichwa kwa heshima. Miguu yake ilikuwa pale pale mbele yangu, imekanyaga mguu wangu, na sikuinama.

Usiku ule tumbo lilimwendesha. Nilijua. Nilisema amekula embe bichi.

Asubuhi nikakutuma wewe, kwa kuwa Mwita hakutaka kuniachia nguo. Uliwahi kwenda na mimi mara tatu, ulikijua kichaka, ulijua kunyamaza. Ukachukua kijiti na jani la mgomba, ukatoka kwenye ukungu. Nilikuona ukipotea, kwanza miguu, kisha kichwa. Ninaota sana kuhusu asubuhi ile. Katika ndoto ni mimi ninayechimba, na kila ninapochomoa mzizi kunakuwa na mwingine chini yake, mweupe zaidi, na chini ya huo mwingine, na shimo linajaa maji safi ya baridi mpaka kiunoni, wala siogopi, ninaendelea tu kuchimba. Halafu mtu ananiamkia kutoka juu. Ninataka kumwitikia na sina mdomo.

Ulirudi jua halijapata nguvu. Mizizi ilikuwa mizuri, haikukatika hata mmoja. Ukaniangalia, macho yamekutoka, ukasema, "Mama, nimemwamkia mzee Nyamhanga." Ukanieleza. Alikuwa anapeleka ng'ombe malishoni, mkakutana kwenye njia nyembamba. Ulimpita kimya, macho chini, kama ulivyofundishwa. Akakusimamisha kwa fimbo yake. "Mtoto wa nani wewe usiyeamkia wakubwa? Mama yako ndivyo anavyokulea?" Ukajaribu kumwonyesha jani la mgomba lenye mizizi, mzee wa watu macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu, hakuona. Akarudia, na akanitaja mimi kwa ubaya. Ndipo ukasema shikamoo, kwa kunitetea mimi.

Unakumbuka nilikujibu nini? Wewe hukumbuki, kwa sababu lilikuwa jibu dogo. Mimi ninalikumbuka. Nilisema, "Haidhuru. Lete hapa." Nikamenya, nikatwanga, nikaloweka, nikampa. Sikuona tatizo lolote. Kama ningeamini kweli kwamba ule mzizi umeharibika, si ningeutupa nikaenda mwenyewe? Shikilia jambo hilo, mwanangu. Mimi mwenyewe sikuamini. Niliamini baadaye, nilipohitaji kuamini.

Nilimpa siku ile, nikampa na kesho yake. Baba yako akasema tumbebe twende zahanati, ni nusu siku tu ya mwendo, atambeba mgongoni. Nikamwambia, watu wa Natta waende wakasimulie kwamba mimi nimempeleka mwanangu kwa dresa wa zahanati? Ndivyo nilivyosema. Maneno yenyewe hayo. Siku ya tatu Mwita aliacha kulia, nikasema, mnaona, joto linashuka. Lilikuwa linashuka kweli. Jioni nilipomfunika blanketi mkono wangu ukapita kwenye nyayo zake. Zilikuwa baridi kama udongo wa kisimani, na nilijua papo hapo kwamba hazikuwa zimeanza kupoa jioni ile.

Nilikaa pale nimeshika nyayo zake. Baba yako akaniuliza, "Mwanzo ulimgusa miguu?" Maana sheria za mama yake alizijua. Nikasema ndiyo. Akaniamini. Hajaniuliza tena mpaka leo.

Asubuhi, Mwita bado anapumua, wanawake walikuja, mama zako wadogo na majirani, na wale wa Natta walikuwa bado hawajaondoka. Mmoja akauliza, bila ubaya, jinsi watu wanavyouliza, "Imekuwaje dawa ikashindwa?" Wote wakanitazama. Na wewe ulikuwa umesimama pale nje ya mlango na kibuyu cha maji. Nikasema, "Gati alifungua mdomo njiani. Mzizi uliingia joto." Ilitoka kirahisi. Hakuna neno lililowahi kunitoka kirahisi kama lile. Wanawake wakasema, "Aaah." Wakakugeukia. Nikakukataza kuingia ndani, nikasema usije ukaongeza joto, nikakupeleka ukae kule nje ya mlango. Na jua lilipofika katikati mdogo wako akafariki.

Kilichofuata unakijua kuliko mimi, kwa sababu wewe ndiwe uliyekiishi. Watoto walikuita Mdomo Moto. Ukaacha kuongea njiani. Ukaacha kuimba, na wewe ulikuwa mwimbaji, nyumba nzima tulikuwa tunakuomba unyamaze! Mwalimu alikuchapa kwa kutojibu, akaniita shuleni akaniuliza kama mtoto ana tatizo la ulimi. Nikasema ni mpole tu. Watu walikusema una maringo. Nami niliposikia nikawa nafurahi kidogo, Mungu anisamehe, kwa sababu mtu wa maringo si mtu aliyeumizwa. Nilikaa nyumba moja na kosa langu likikua, likisukwa nywele, likipeleka maji kisimani kimya, na nililipikia chakula.

Mwaka uliofuata nilikwenda zahanati peke yangu. Nilimweleza dresa yote, nikimwambia ni mtoto wa mwenzangu. Akaniambia ule ugonjwa unataka kuwahiwa, mtoto angeletwa siku ya kwanza au ya pili pengine angepona. Nikamuuliza na mzizi je? Akasema mzizi haujui, ila maji ya kupoza kwa mtoto anayeendesha na aliyepoa miguu, hata yeye asingempa. Nikamuuliza, na aliyechimba akiwa ameongea njiani? Alinitazama, kijana yule, akasema, "Mama, aliyechimba ana umri gani?" Nikatoka bila kuaga.

Kwa hiyo nilijua. Tangu siku ile nilijua kabisa, na bado nikakaa miaka tisa. Mwanzo ni aibu iliyonizuia. Baadaye ni kuchelewa kwenyewe. Kila mwezi uliopita ulifanya iwe vigumu zaidi, maana nitasema nini, nilijua tangu lini? Kama kuna kitu kimoja nimejifunza kwa gharama, ni hicho. Ukikosea huko uendako, na utakosea, sema siku hiyo hiyo kabla jua halijashuka, hata kama maneno yatatoka yamepinda. Kosa la siku moja mtu anaweza kulibeba kwa mikono. La mwaka linataka punda.

Bado ninachimba, unaniona. Wengine wanapona. Mzizi sina ugomvi nao, haukunidanganya hata mara moja. Siku hizi mgonjwa akija ninaanza kwa kukaa chini, ninashika miguu yake, ninaishika muda mrefu mpaka wengine wanaona haya. Ikiwa baridi ninawaambia, nendeni zahanati, sasa hivi, na ninawasindikiza mpaka mtoni. Watu wanasema mama Gati ameishiwa nguvu, siku hizi anafukuza wagonjwa. Waache waseme.

Huko utakutana na watu wenye nguo nyeupe watakaokuambia mambo yetu yote ni upuuzi. Mengine ni upuuzi, usibishane nao. Utakutana pia na mambo yao ya kijiti na umande, nina hakika yapo, yale yanayofanywa kwa sababu watu wanatazama. Mimi sitakuwapo kukuonyesha lipi ni lipi. Nilishindwa hata kulijua la kwangu.

Nasikia sauti bondeni. Ni wewe na shangazi yako, na wanawake wengine, wanaleta maziwa ya kukuagia. Nilikuwa nimepanga kuikunja barua hii niifiche chini ya nguo, uikute umeshafika Mwanza. Sasa ninawasikia wanavyocheka, na wewe hucheki nao. Wale wale, Gati. Wanne kati yao walikuwapo asubuhi ile. Nilikusingizia mbele ya watu kwa mdomo, halafu nikusafishe kwa penseli, ukiwa peke yako, ng'ambo ya ziwa? Huo ni woga mwingine tu. Ngoja niweke penseli chini.

Nimerudi. Kuku wanaingia ndani, kuna mwanga kidogo bado.

Nimesema. Ulikuwapo, kwa hiyo sina haja ya kukusimulia nilivyokosa pa kuweka mikono, wala shangazi yako alivyoanza kunikatiza akidhani nimepagawa. Nilisema mzizi haukuingia joto. Nilisema sikumgusa miguu, na kwamba baba yako nilimdanganya. Hukumwona, alikuwa kwenye zizi amesikia yote. Alikuja mpaka mlangoni, akanitazama, akarudi kwenda kuangalia ndama. Ataniuliza kwa wakati wake, nami nitamjibu.

Nilitegemea utalia au utaondoka. Ulikaa. Halafu ukaniuliza swali ambalo sikuwahi kulifikiria katika miaka yote kumi, kwa ile sauti yako ndogo, "Kwa hiyo Mwita hakufa akinikasirikia?"

Nikasema, "Hata kidogo." Nikashindwa kuendelea, shangazi yako akanishika mabega, watu wakaanza kuongea wote kwa pamoja, ukatoka nje. Sasa upo kule nyuma ya nyumba unaanua nguo, ninakuona kupitia ufa wa ukuta. Lililobaki sikuweza kulisema kwa mdomo na sidhani kama kesho nitaweza. Nitalimaliza hapa, na barua nitakupa mkononi lori likija, usome njiani.

Asubuhi ile, kabla hajafariki, Mwita alikuita. Hakuniita mimi, wala baba yake. Alisema, "Gati aje." Nikamwambia, mura wangu, kijana wangu, Gati amekwenda kisimani. Lakini wewe ulikuwa pale nje ya mlango wa fito, na yeye aliviona vidole vya miguu yako chini yake, kwa sababu alikuwa amelala chini. Akasema, "Yuko pale. Mwambie basi aongee huko huko, nimsikie." Wewe ukasikia jina lako, ukaita, "Mwita?" Mara moja tu. Akageuza kichwa kuelekea mlangoni, akatabasamu, akangoja uendelee.

Na mimi nikakuambia unyamaze.

Mama yako